Mwongozo kamili: Kuingiza CD za Spitz kwenye kompyuta, sauti ikiwa salama na majina ya Kijapani yakisomeka

Wengi wanaonunua CD za Spitz (スピッツ), bendi ya roki ya Kijapani, kutoka Japani hukwama mahali pale pale. Jina la bendi linageuka kuwa "ƒXƒsƒbƒc". Wimbo ロビンソン (Robinson) unaruka kutoka albamu yake na kujibandika kwenye mkusanyiko ambao hata hujawahi kuununua. Kwenye simu zinatokea folda mbili za スピッツ zinazofanana kila nukta. Na katikati ya wimbo wa tisa kuna mlio wa "tik" ambao haukuwepo CD ilipopigwa kwenye redio.

Yote hayo yana sababu zinazojulikana na yanazuilika. Mwongozo huu unatumia albamu ハチミツ (Hachimitsu) ya mwaka 1995 kama mfano, lakini hatua ni zile zile kwa CD yoyote ya bendi hii. Kanuni inayoongoza kazi yote ni kwamba diski uliyoishika mkononi ndiyo yenye kauli ya mwisho. Intaneti inapokisia tofauti na kilichochapishwa kwenye diski, fuata diski.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Draivu ya CD au DVD ya nje yenye sinia, ya kuchomeka USB. Usitumie inayomeza diski kupitia mwanya (sababu iko hatua ya 2).
- Kompyuta. Laptopu yenye betri nzima inafaa zaidi, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili, kazi ya diski hiyo unaianza upya.
- Nafasi ya GB 10. Albamu ya dakika 45 ikiwa FLAC (aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza chochote) hula takriban MB 300, hivyo albamu zote 17 za studio ni kama GB 5.
- Programu ya kunakili: Exact Audio Copy (EAC) kwa Windows, XLD kwa Mac, whipper kwa Linux. Zote ni za bure.
- MusicBrainz Picard kwa tagi (maelezo ya jina, msanii na albamu yaliyo ndani ya faili), CUETools kwa ukaguzi na ukarabati, Mp3tag kwa kurekebisha herufi zilizoharibika.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani, maji yaliyochemshwa na kupoa (yaliyokenekwa, yaani distilled, ni bora zaidi), na diski ngumu ya nje kwa nakala ya akiba.

CD za muziki hazina ukanda wa nchi, kwa hiyo ya Japani itasomeka popote. Matoleo maalumu yanayokuja na DVD ni jambo jingine: DVD ya Japani ni ya ukanda wa 2 na mfumo wa NTSC, ilhali mashine zinazouzwa Afrika Mashariki ni za ukanda wa 5. Usilipe ziada kwa ajili ya DVD kama mashine yako haisomi kanda zote.

## Hatua ya 1: Tambua una toleo gani hasa

Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo vurugu yote ya albamu huanzia. Wimbo ロビンソン peke yake umo kwenye singo ya Aprili 1995, albamu ハチミツ ya tarehe 20 Septemba 1995, mkusanyiko RECYCLE wa Desemba 1999, na CYCLE HIT 1991-1997 ya mwaka 2006. Programu inayotambua wimbo kwa kuusikiliza haina njia ya kujua wewe umetoa kwenye diski ipi.

Tafuta namba ya katalogi. Iko kwenye uti wa kasha, kwenye ukanda wa karatasi uitwao obi, na kwenye uso wa diski yenyewe. Huwa ni herufi nne, kistari, kisha tarakimu. Matoleo ya zamani ya Polydor huanza na POCH (albamu) au PODH (singo ndogo), na ya baadaye chini ya Universal huanza na UPCH.

Namba hizo zote lazima zilingane. Kwenye CD za mtumba si ajabu kukuta diski ya toleo moja ndani ya kasha la jingine. Zikitofautiana, iaminike ya kwenye diski, kwani sauti imo humo. Iandike pembeni, utaihitaji hatua ya 6.

Hizi ndizo albamu 17 za studio, mwaka, jina kama lilivyochapishwa, na namna ya kulisoma:

1991 – スピッツ – Spitz
1991 – 名前をつけてやる – Namae o Tsukete Yaru
1992 – 惑星のかけら – Hoshi no Kakera
1993 – Crispy!
1994 – 空の飛び方 – Sora no Tobikata
1995 – ハチミツ – Hachimitsu
1996 – インディゴ地平線 – Indigo Chiheisen
1998 – フェイクファー – Fake Fur
2000 – ハヤブサ – Hayabusa
2002 – 三日月ロック – Mikazuki Rock
2005 – スーベニア – Souvenir
2007 – さざなみCD – Sazanami CD
2010 – とげまる – Togemaru
2013 – 小さな生き物 – Chiisana Ikimono
2016 – 醒めない – Samenai
2019 – 見っけ – Mikke
2023 – ひみつスタジオ – Himitsu Studio

Angalia ya 1992. Programu za kubadili kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) kuwa herufi za Kilatini zitakuandikia Wakusei, kwa sababu ndivyo kanji hizo zinavyosomwa kwa kawaida. Bendi inasoma Hoshi. Ukiiachia programu, albamu itajipanga kwenye W na utaitafuta usiione.

Zaidi ya hizo kuna nyimbo za upande wa pili wa singo, na humo mna baadhi ya kazi zao nzuri kabisa. Huhitaji kuwinda kila singo: nyingi zimekusanywa kwenye 花鳥風月 (1999), 色色衣 (2004) na おるたな (2012). 俺のすべて, iliyokuwa nyuma ya ロビンソン, imo kwenye 花鳥風月. Nyimbo za EP iitwayo 99ep zimo kwenye 色色衣. Ukipata 花鳥風月+ ya mwaka 2021, hiyo inaongeza na nyimbo za enzi bendi haijasaini na kampuni kubwa.

Ushauri mmoja wa ununuzi: iache RECYCLE hata kama bei yake ni ya kutupwa. Kampuni iliitoa bila ridhaa ya bendi, na ilisitishwa CYCLE HIT zilipotoka mwaka 2006. Nyimbo zake 13 zote utazipata kwingine.

Kwenye maelezo ya wauzaji wa Japani, 帯付き maana yake obi ipo. レンタル落ち ni diski iliyotoka duka la kukodisha; huwa na vibandiko vya gundi kali na mikwaruzo mingi, kwa hiyo iwe chaguo la mwisho.

Umefaulu ukiwa na: jina la albamu, mwaka, na namba moja ya katalogi iliyosomwa kwenye diski.

## Hatua ya 2: Kagua na safisha diski

Ishike diski kwa ukingo chini ya taa na uigeuzegeuze. Mikwaruzo upande unaong'aa mara nyingi inasomeka, kwa sababu mwanga hupita kwenye plastiki nene na kulenga nyuma yake. Mkwaruzo wa upande wenye maandishi ndio wa kuogopa: tabaka lenye data liko chini kidogo tu ya rangi. Inua diski mbele ya taa. Ukiona tundu dogo la mwanga likipenya, data ya hapo imekwenda.

Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. CD husahihisha makosa mafupi yanayokatiza njia ya usomaji, lakini mkwaruzo mrefu unaofuata duara hufuta data nyingi mfululizo na usahihishaji unashindwa. Dawa ya meno isikaribie diski. Inaongeza mikwaruzo mipya juu ya ya zamani.

Onyo kuhusu singo za miaka ya 90. ロビンソン, 涙がキラリ☆ na チェリー zilitoka kwenye diski ndogo za sentimita 8, ndani ya kasha jembamba refu. Draivu ya sinia ina kibonyeo cha ndani cha kuiweka diski hiyo, na draivu nyembamba yenye kitufe cha kubana katikati nayo haina shida. Lakini usiingize diski ya sentimita 8 kwenye draivu inayomeza diski, wala kwenye redio ya gari. Mara nyingi inanasa, na kuitoa ni kufungua mashine nzima.

## Hatua ya 3: Andaa EAC mara moja tu

Mipangilio hii unaifanya siku ya kwanza, kisha inabaki.

Fungua "Drive Options". Kwenye "Extraction Method" chagua "Secure mode", weka CD safi kwenye draivu, kisha bonyeza "Detect Read Features". Hali hii husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha. Programu ikisema draivu inahifadhi sauti kwenye kache, acha tiki hiyo ibaki. Bila hiyo, usomaji wa pili ungekuwa marudio ya kumbukumbu ya draivu, si ya diski. Tiki ya C2 (taarifa ya draivu yenyewe kuhusu makosa ya usomaji) iondoe, kwani draivu nyingi hutoa taarifa hiyo vibaya.

Sasa sogezo la usomaji. Kila aina ya draivu huanza kusoma mapema au kwa kuchelewa kidogo, kwa idadi isiyobadilika ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti). Sekunde moja ya CD ina sampuli 44,100, kwa hiyo sogezo la 102 ni kama milisekunde 2 tu na sikio halilisikii. Umuhimu wake ni mwingine: bila kulisahihisha, nakala yako haitalingana na za watu wengine, na utakosa njia ya kujua kama ni sahihi. Ukiweka CD inayojulikana kwenye AccurateRip, hifadhidata ya matokeo ya nakala za watu wengine, EAC hulitambua sogezo yenyewe. Thamani kama +6, +102 na +667 ni za kawaida. Usibandike ya draivu ya rafiki yako, labda kama modeli ni ile ile.

Kwenye "EAC Options":

- "Error recovery quality" iwe "High".
- "Fill up missing offset samples with silence" iwe na tiki.
- "Delete leading and trailing silent blocks" isiwe na tiki. Ukiiacha ikiwa na tiki, ukimya kati ya nyimbo utakatwa na albamu itakimbia.
- "Normalize" isiwe na tiki. Kusawazisha sauti kunafanyika baadaye bila kugusa data.
- "Automatically write status report after extraction" iwe na tiki. Ripoti hiyo ndiyo ushahidi wako.

Kwenye "Compression Options" chagua FLAC, na vigezo `-8 -V`. Namba 8 hubana zaidi bila kupoteza chochote, na V huifungua faili tena na kuhakiki kwamba imelingana na chanzo.

Kwenye kanuni ya majina ya faili andika `%tracknr2%` tu. Faili zitaitwa 01.flac, 02.flac, na kuendelea. Kwa kipande hiki kimoja unaepuka tatizo zima la herufi wakati wa kunakili. Majina halisi yatakuja kupitia Picard, ambayo inajua kuyaandika.

Kwenye Mac, chagua "XLD Secure Ripper" na uwashe AccurateRip. Kwenye Linux, `whipper drive analyze`, kisha `whipper offset find`, kisha `whipper cd rip`.

## Hatua ya 4: Nakili

1. Weka diski, subiri orodha ya nyimbo ionekane. ハチミツ lazima ioneshe nyimbo 11. Idadi ikipungua, diski haijakaa sawa. Toa, futa, rudisha.
2. Majina ya nyimbo yaache yalivyo, hata yakiwa takataka. Usipoteze muda hapa.
3. Bonyeza F4 ili EAC itambue mapengo kati ya nyimbo.
4. Kwenye menyu ya "Action" tengeneza CUE sheet ya aina ya "Multiple WAV Files With Gaps". Faili hii ndogo ndiyo ramani ya diski. Siku ukitaka kuchoma CD inayofanana na ya asili, utaihitaji.
5. Chagua nyimbo zote, kisha "Test & Copy Selected Tracks", "Compressed".

EAC itasoma kila wimbo mara mbili: mara ya kwanza kupima, ya pili kuandika. Diski safi humalizika kwa dakika 10 hadi 25 kutegemea draivu. Usiitikise laptopu wala kuiweka juu ya kitanda; draivu za nje hazipendi mtikisiko.

Taa nyekundu za makosa zikiwaka mfululizo kwenye wimbo mmoja kwa zaidi ya dakika 20, simamisha. Kulazimisha kunachosha lenzi, na kinachopatikana mara nyingi ni kukisia. Rudi hatua ya 2, kisha jaribu draivu nyingine. Tofauti kati ya draivu mbili kwenye diski moja yenye mikwaruzo huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 5: Soma ripoti

Fungua faili ya `.log`. Kwa kila wimbo tafuta vitu vitatu:

- "Test CRC" na "Copy CRC" (CRC ni namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka data ya wimbo) ziwe sawa herufi kwa herufi.
- "Copy OK".
- "Accurately ripped (confidence …)". Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya nakala za watu wengine zilizolingana na yako. Hata 2 inatosha, maana draivu mbili tofauti haziwezi kukosea kwa namna moja hadi sampuli ya mwisho.

Ripoti isipokuwa nzuri, maana yake ni hizi:

CRC mbili zinatofautiana. Usomaji haukuwa thabiti. Safisha, nakili tena wimbo huo tu.

"Suspicious position" yenye dakika na sekunde. Nenda uisikilize nukta hiyo kwa spika za masikioni. Ule mlio wa "tik" hupatikana hapo.

Nyimbo zote 11 zina CRC sawa lakini zote "cannot be verified". Usikimbilie kulaumu diski. Yawezekana una chapa nyingine ya albamu hiyo hiyo, ambayo kiwandani ilianza sampuli kadhaa mbele au nyuma, au sogezo lako si sahihi. Ipitishe folda kwenye CUETools kwa hali ya "Verify". Yenyewe hujaribu masogezo mengine na kukuambia kama sauti inalingana.

Nyimbo 10 ziko sawa, moja imekataa. Hili ndilo linaloweza kuokolewa hata kama diski haisomeki. CUETools ina hifadhidata yake iitwayo CTDB, inayotunza data ya kusahihishia makosa. Uharibifu ukiwa mdogo, chagua "Repair" na itajenga upya sampuli zilizokosekana. Inahitaji folda nzima pamoja na CUE, si wimbo mmoja peke yake.

Diski haimo kwenye hifadhidata kabisa. Hutokea kwa singo za sentimita 8. Tegemea CRC mbili zinazolingana, na ukiweza nakili tena kwa draivu ya pili yenye sogezo lake sahihi. Zikitoa CRC moja, una uhakika wa kutosha.

Ukikutana na diski za bendi nyingine za Japani za 2002 hadi 2004 zenye alama ya CCCD, ripoti inaweza kujaa makosa ingawa diski ni mpya. Zilitengenezwa hivyo makusudi kuzuia kunakiliwa na kompyuta. Tafuta chapa ya baadaye isiyo na alama hiyo.

Umefaulu ukiona: "All tracks accurately ripped" chini ya ripoti, pamoja na "No errors occurred".

## Hatua ya 6: Tagi kwa Picard

Kabla ya kufungua chochote, nenda kwenye mipangilio:

- Kwenye metadata, tiki ya kutafsiri majina ya wasanii iondolewe, ili スピッツ ibaki スピッツ.
- Kwenye majina ya faili, "Replace non-ASCII characters" isiwe na tiki. Ikiwa nayo, majina ya Kijapani yataharibiwa.
- "Windows compatibility" iwe na tiki. Inaondoa alama kama `?` na `:` ambazo Windows haikubali. Nyota ya 涙がキラリ☆ haina shida.

Kanuni ya majina inayofaa:

`%albumartistsort%/$left(%originaldate%,4) %album% [%catalognumber%]/$num(%tracknumber%,2) %title%`

Buruta folda ndani ya Picard. Sasa jihadhari: usibonyeze "Scan". Kitufe hicho husikiliza kila wimbo na kuulinganisha na rekodi zilizopo. Rekodi ya ロビンソン ya kwenye albamu na ya kwenye mkusanyiko inaweza kuhesabiwa kuwa moja, kwa hiyo Picard huchagua mojawapo. Ndivyo wimbo wa 8 wa ハチミツ unavyohamia RECYCLE, na albamu yako inabaki na pengo.

Tumia "Lookup CD" diski ikiwa bado kwenye draivu. Hii hutambua kwa urefu wa nyimbo zote 11 na mpangilio wake. Ukiletewa matoleo kadhaa, chagua lenye namba ya katalogi uliyoiandika hatua ya 1. Lisipokuwepo, tafuta kwa namba yenyewe kwenye MusicBrainz, hifadhidata ya mtandaoni ambayo Picard huitumia, na ulete toleo hilo kwa mkono.

Kabla ya kuhifadhi, hakiki uwanja mmoja mmoja:

- ARTIST na ALBUMARTIST: スピッツ. Si Spitz, si SPITZ. Ukichanganya, programu itahesabu bendi tatu.
- ARTISTSORT na ALBUMARTISTSORT: Spitz. Hii ndiyo inayoipanga bendi kwenye S badala ya mwisho kabisa wa orodha. Isipokuja hivyo, andika mwenyewe.
- ALBUM: ハチミツ. ALBUMSORT: Hachimitsu. Uwanja huu mara nyingi huja mtupu. Ujaze kwa kutumia orodha ya hapo juu.
- ORIGINALDATE: 1995-09-20, hata kama chapa yako ni ya miaka ya baadaye. Bila hiyo, albamu za miaka ya 90 zitajipanga baada ya ハヤブサ.

Usiondoe maneno yaliyo ndani ya jina la wimbo. Kwenye フェイクファー, wimbo wa 11 ni スカーレット(Album Mix), na si mchanganyo uleule wa singo. Ukifuta "(Album Mix)", programu ya kuondoa marudio itafuta mmoja kati ya hizo mbili siku moja, na hutajua ni upi.

Umefaulu ukiona: diski ya dhahabu kando ya jina la albamu ndani ya Picard, na nyimbo 11 kuanzia ハチミツ hadi 君と暮らせたら bila pengo.

## Hatua ya 7: Ukirithi faili zilizokwisha kuharibika

Huenda una faili za zamani ambazo CD yake huna tena. Tazama takataka ilivyo, maana umbo lake linataja ugonjwa:

"ƒXƒsƒbƒc" – maandishi ya Shift-JIS (usimbaji wa zamani wa herufi za Kijapani) yamesomwa kana kwamba ni ya Ulaya Magharibi. Kwenye usimbaji huo kila katakana (herufi ya silabi ya Kijapani) ya jina la bendi huanza na baiti 83, ambayo huonekana kama ƒ. Linatibika.

"ã‚¹ãƒ”ãƒƒãƒ„" – maandishi ya UTF-8 (usimbaji wa kisasa wa herufi za lugha zote) yamesomwa vibaya. Linatibika pia.

"????" – herufi zenyewe zilishatupwa wakati wa kuhifadhi. Hakuna dawa, andika upya kutoka kwenye orodha ya nyimbo.

Kwa aina ya kwanza: nakili folda pembeni kwanza. Fungua Mp3tag, chagua nyimbo, nenda kwenye "Actions (Quick)", chagua "Convert codepage", uwanja uwe `_ALL`, na usimbaji uwe 932, yaani Shift-JIS. Fanya mara moja tu. Ukirudia kwenye maandishi yaliyokwisha kupona, unayavunja upya.

Ukiona programu ya zamani inashindwa kufungua faili ya ロビンソン peke yake na nyingine zinafungua, chanzo ni herufi ソ. Kwenye Shift-JIS baiti yake ya pili ni 5C, ambayo Windows huitumia kutenganisha folda. Programu inadhani jina limekatika hapo. Badilisha programu, faili haina kosa.

Na zile folda mbili za スピッツ zinazofanana? Diski za Mac za mfumo wa HFS+ huhifadhi ピ kama vipande viwili, ヒ pamoja na kiduara chake, ilhali Windows na Android hutumia herufi moja iliyoungana. Kwa macho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili. Kwenye Linux, ingia kwenye folda ya muziki na uendeshe:

`convmv -f utf8 -t utf8 --nfc -r --notest .`

Iendeshe kwanza bila `--notest`. Itakuonesha inachokusudia kufanya bila kugusa kitu.

## Hatua ya 8: Sawazisha sauti

Albamu za mwanzo wa miaka ya 90 zina sauti ya chini kuliko za baada ya 2000. Ukichanganya スピッツ ya 1991 na とげまる ya 2010, mkono hautatoka kwenye kitufe cha sauti.

Tumia ReplayGain kupitia foobar2000 au rsgain. Yenyewe huandika namba tu kwenye tagi, na kichezeshi hupandisha au kushusha sauti wakati wa kupiga. Chagua hesabu ya albamu nzima, ili wimbo uliokusudiwa kuwa mtulivu ubaki mtulivu kando ya jirani zake.

## Hatua ya 9: Nakala ya akiba, simu na gari

Nakili folda nzima, pamoja na `.log` na `.cue`, kwenye diski ngumu ya nje. Kisha ukiwa ndani ya kila folda kwenye nakala hiyo endesha `flac -t *.flac`. Kila faili ya FLAC inabeba hesabu ya kujihakiki, na amri hii huisoma yote. Unachotaka ni "ok" kwa kila wimbo. CD zenyewe zisimamishe wima kwenye makasha, mbali na ukuta wenye unyevu, hasa kama unaishi pwani. Nakala hizi ni za matumizi yako. Ukiuza CD, uza na haki ya kuzisikiliza.

Simu za Android hupiga FLAC bila tatizo. Gari ndilo lenye masharti. Redio za magari ya mtumba yanayotoka Japani huonesha kanji na katakana vizuri kuliko redio nyingi zinazouzwa hapa, lakini za zamani hazifungui FLAC. Zitengenezee MP3:

1. Badilisha kwa LAME (programu ya kutengeneza MP3), kiwango cha ubora cha V0. FLAC usizifute.
2. Tagi ziwe za muundo wa ID3v2.3 kwa usimbaji wa UTF-16. Ukitumia ID3v2.4, redio nyingi za zamani huonesha mistari mitupu.
3. Flashi isizidi GB 32, iwe FAT32. exFAT haitambuliwi.
4. Nakili folda moja baada ya nyingine, nyimbo zikiwa kwenye mpangilio. Redio nyingi hazipangi kwa jina wala kwa namba. Hupiga kwa utaratibu faili zilivyoandikwa kwenye flashi. Kwenye Linux, `fatsort` hurekebisha hilo baada ya kunakili. Itenganishe flashi na mfumo (unmount) kwanza kabla ya kuendesha programu hiyo.

Chomeka, chagua folda ya 1995, na uruke hadi wimbo wa 8. Skrini ikiandika ロビンソン na gitaa la mwanzo likaanza bila kukatwa, flashi hiyo haihitaji kazi zaidi.